Elijah Masinde, Mtu wa Mlima Elgon

Tulipogawiwa kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, wenzangu wengi walimkimbilia Shaaban Robert, na waliochelewa wakamng'ang'ania Dedan Kimathi. Hao nimewaachia. Mimi nimemchagua mtu ambaye jina lake hapa Eastlands hutajwa kwa kicheko. Akitokea kijana mkaidi anayebishana na kila mtu, hasa akiwa anatoka upande wa Bungoma, jamaa watamwambia ameanza mambo ya Elijah Masinde. Nami nilikuwa nikicheka pamoja nao. Siku hizi sicheki sana.

Niruhusuni nianze na Jumapili ya mtaani kwetu. Yeyote anayeishi Kariobangi, Huruma, Dandora au Makongeni anaijua. Alfajiri umeshasikia adhana kutoka upande wa Pumwani na Eastleigh. Kabla hujanywa chai, Akorino wanapita na vilemba vyao vyeupe, ngoma zinalia. Legio Maria nao wanapita na kanzu zao. Ikifika saa tatu, kanisa la mabati lililo nyuma ya ploti yenu limefungua spika mbili, zote zimeelekezwa dirishani kwako wewe uliye na mtihani kesho. Kusema kweli, nimenung'unika mara nyingi. Lakini nilipoanza kusoma habari za watu hawa, nikagundua kwamba hata kelele hii ina historia, tena ya damu. Akorino hao tunaowapisha njia, mwaka wa 1934 polisi wa mkoloni waliwafyatulia risasi wenzao waliokuwa wakisali katika msitu wa Ndarugu, na watatu wakafa. Na kule magharibi, miaka kumi na kitu baadaye, ikawa zamu ya watu wa Masinde.

Elijah Masinde alizaliwa karibu na mwaka wa 1910 huko Kimilili, chini ya Mlima Elgon. Tarehe kamili haijulikani, maana wakati huo vyeti vya kuzaliwa havikuwa vya watu kama sisi. Wabukusu huuita mlima huo Masaba. Kwao si mlima tu wa kutalii na kupiga picha. Ni mahali walipotoka babu zao, na ndipo walipoelekeza macho walipomwomba Mungu wao, Wele. Kila boma la kale lilikuwa na kibanda kidogo kiitwacho namwima, mahali pa kuwakumbuka wazee waliokwisha kufa na kumtolea Mungu sadaka.

Masinde alikulia katika nchi yenye kidonda. Mwaka wa 1895, yaani kama miaka kumi na mitano kabla hajazaliwa, Waingereza wakiongozwa na C. W. Hobley waliwashambulia Wabukusu waliojikusanya ndani ya ngome ya Chetambe, karibu na mahali palipo na mji wa Webuye leo. Mikuki ilikutana na bunduki ya Maxim. Waliokufa walikuwa mamia. Baada ya kushindwa, Wabukusu wakaletewa machifu kutoka kwa Wawanga, ukoo wa Nabongo Mumia, kwa sababu Mumia alikuwa rafiki wa serikali. Kisha baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mashamba ya Trans Nzoia, kule upande wa Kitale, yakagawiwa walowezi, wengi wao wanajeshi waliotoka vitani. Aliyekuwa akichunga ng'ombe wake hapo sasa akawa maskwota, anamlimia mzungu ndipo aruhusiwe kuishi. Mtoto aliyezaliwa katika hali hiyo alisikia mambo hayo jikoni na malishoni, hakuhitaji kusomewa na mwalimu wa historia.

Lakini msidhani kwamba alianza maisha akiwa mtu wa ugomvi. La hasha! Sifa yake ya kwanza ilikuwa mpira. Naam, mpira wa miguu, huu huu tunaochezea pale uwanjani hadi viatu vya shule vinaachama midomo. Alikuwa nahodha wa timu ya Kimilili, na karibu na mwaka wa 1930 akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Kombe hilo lilipewa jina la kampuni ya sabuni iliyolitoa, na ndilo lililokuja kuzaa mashindano tunayoyajua leo kama CECAFA. Kwa hivyo, kabla serikali haijamwandikia faili, tayari alikuwa amewahi kuivalia Kenya jezi. Sijui kwa nini jambo hili halimo katika vitabu vyetu vya shule. Lingewaamsha wale wanaosinzia nyuma.

Katika dini alianza kama vijana wengi wa huko, akiwa mfuasi wa misheni ya Marafiki, wale tunaowaita Quaker. Wamishonari hao kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka wa 1902 na kusambaa hadi Kimilili. Waliwafundisha watu kusoma, hilo hatuwezi kulikana. Lakini pia waliwaambia wafuasi wao waache pombe ya kienyeji, waache namwima, waache sadaka, na kila mwanamume abaki na mke mmoja. Katikati ya miaka ya 1930 Masinde akaoa mke wa pili. Akafukuzwa. Wako watakaosema alijitakia mwenyewe kwani sheria aliijua. Huenda. Ila kwa mtu kama yeye jambo lilikuwa kubwa kuliko ndoa: alijiuliza ni nani aliyempa mgeni ruhusa ya kuamua lipi ni la Mungu na lipi ni la shetani katika boma la babake.

Kwa muda alifanya kazi katika baraza la mahakama ya wenyeji, kazi ya kupeleka samansi kwa watu. Kazi hiyo ilimfundisha mengi. Aliona jinsi mtu anavyoitwa, anavyotozwa faini, na ng'ombe wake anavyoondoka. Halafu ikaja Vita Kuu ya Pili. Serikali ilitaka vijana wa jeshi na watu wa kufanya kazi kwa lazima katika mashamba ya walowezi. Juu ya hayo zikaja amri za kilimo, hata amri ya kung'oa magugu fulani, na chifu akiwa nyuma yako na askari wake.

Hapo ndipo Dini ya Msambwa ilipojitokeza. Neno msambwa kwa Kibukusu linahusu mizimu ya wazee, mila iliyorithiwa. Masinde na wenzake, akiwemo Joasi Walumoli, waliwaambia watu wamrudie Wele, wasali wakielekea mlimani, wasione haya kwa sadaka za babu zao. Hawakuitupa Biblia yote. Waliona kwamba Ibrahimu alikuwa na wake zaidi ya mmoja na alitoa sadaka juu ya mlima, na hakuna aliyemfukuza kanisani. Hii hoja, jameni, ni ngumu kuijibu; nimeijaribu kwa mwalimu wetu wa dini akaniambia nikae chini. Lakini mahubiri yao hayakuishia kwenye sala. Walisema pia kwamba nchi ni ya Mwafrika, kwamba mzungu arudi kwao, na kwamba kazi ya lazima ikataliwe. Kwa Masinde haya hayakuwa mambo mawili. Mlima ulikuwa pa kusalia na pa kulishia ng'ombe. Aliyeuchukua alikuwa amechukua vyote.

Mwaka wa 1944 wajumbe wa serikali walimfuata kuhusu amri hizo. Alikataa, na wajumbe wakala kipigo. Akakamatwa, akafikishwa mahakamani. Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana ndiyo yaliyonifanya nimchague mtu huyu. Hakufungwa jela kama wakosaji wengine. Alitangazwa kuwa ana kichaa, na mwaka wa 1945 akaletwa hapa Nairobi, katika hospitali ya Mathari.

Ninyi nyote mnaijua. Ukipanda matatu ya Thika Road kutoka mjini, ukishapita Pangani, itazame mkono wako wa kulia. Upande wa pili wa barabara kuna Muthaiga na nyumba za matajiri. Nyuma ya hospitali kuna bonde la Mathare na mabati yetu. Ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka wa 1910. Kwetu sisi jina hilo ni tusi. Mtu akikosea hesabu ubaoni, anaulizwa kama ametoroka Mathare. Mimi mwenyewe nimeulizwa, na nimewauliza wengine.

Basi katika miaka hiyo aliyekuwa msimamizi wa hospitali hiyo ni daktari mmoja Mwingereza, J. C. Carothers, aliyekaa hapo kuanzia 1938 hadi 1950. Daktari huyu alikuja kujulikana duniani kwa maandishi yake. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikachapisha kingine chake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Alidai kwamba Mwafrika wa kawaida hutumia sehemu ya mbele ya ubongo wake kidogo mno, hata akamlinganisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa mishipa ya ubongo. Na wapiganaji wa Mau Mau aliwaeleza kana kwamba shida yao ilikuwa vichwani mwao zaidi ya kuwa mashambani. Elewa hapo, msomaji. Mtu ananyang'anywa shamba, anakasirika, halafu hasira yake inaitwa ugonjwa. Sisemi kwamba hospitali haina kazi. Wapo jamaa zetu wengi waliosaidiwa pale, na ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama malaria. Nasema tu kwamba ukishamwita mtu mwendawazimu, huhitaji tena kumjibu. Chochote atakachosema kinakuwa dalili.

Masinde alikaa Mathari kama miaka miwili. Mwaka wa 1947 akaachiliwa na kurudi Kimilili, na watu wakampokea kama aliyefufuka. Mwaka huo huo akaongoza umati mkubwa hadi Chetambe. Hawakwenda kupigana. Walikwenda kuwakumbuka waliouawa mwaka wa 1895, kutoa sadaka na kuwaombea, maana kwa miaka hamsini na kitu hakuna serikali wala misheni iliyowahi kuwataja marehemu hao kwa heshima. Najaribu kupiga picha ya siku ile: wazee waliokuwa watoto wakati wa vita, na sasa wanasimama juu ya kuta zilizobomoka, wakiwataja waliolala humo. Serikali iliona uasi.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Masinde alitafutwa, akaingia mafichoni. Mapema Februari 1948 wafuasi wake waliandamana hadi misheni ya Kikatoliki karibu na Malakisi. Baadhi yao wakakamatwa. Tarehe 10 Februari umati ukaenda Malakisi kwenye kituo cha polisi, na polisi wakafyatua risasi. Watu 11 waliuawa na 16 wakajeruhiwa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku mwaka huo, na siku chache baada ya risasi zile Masinde mwenyewe akanaswa. Yeye na viongozi wenzake wakapelekwa uhamishoni Lamu. Tazama basi: mtu aliyeelekeza sala zake mlimani, anatupwa kisiwani, pande zote bahari.

Marufuku haikuizima. Kwa Wapokot dini hiyo ilikuwa imefika kupitia kwa Lukas Pkech, aliyefungwa, akatoroka, akaendelea kuhubiri. Tarehe 24 Aprili 1950, huko Kolloa katika Baringo, polisi walikutana na Pkech na mamia ya wafuasi wake. Wapokot 29 waliuawa, Pkech akiwa mmoja wao. Upande wa serikali walikufa maofisa watatu wa Kizungu na askari mmoja Mwafrika. Masinde alikuwa mbali, Lamu, wakati hayo yanatokea.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo halitawapendeza wanaomtukuza. Nilipolisoma andiko langu la kwanza mbele ya chama, mwanachama mmoja wa kidato cha tatu, ambaye ni Mkatoliki, aliinua mkono akauliza: huyu Masinde aliyetaka uhuru wa kuabudu, je, angewaachia Wakatoliki uhuru wao? Darasa likanyamaza. Ni swali la haki. Watu wa Msambwa waliwatisha waumini wa misheni, na moto uliwashwa kwenye mali za wengine. Mwaafrika aliyempenda Yesu kwa hiari yake aliitwa msaliti. Nimelifikiria swali hilo wiki mbili na jibu langu bado ni nusu: hatujui angefanya nini angepata nguvu, kwa sababu hakuwahi kuzipata. Tunachojua ni yale aliyofanyiwa. Na haki ya mtu kusali haingoji kwanza awe mpole.

Masinde alirudi kutoka uhamishoni mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi ikinukia uhuru. Ungetarajia hadithi iishie hapo, bendera inapanda, watu wanashangilia, mzee anapewa kiti mbele. Mwaka wa 1964 dini yake iliandikishwa, na kwa muda mfupi wafuasi wake walisali bila kuchungulia njia. Lakini swali la mashamba ya Trans Nzoia lilibaki. Walowezi walipoondoka, mashamba mengi yaliuzwa, na aliyepata ni aliyekuwa na pesa au mkopo. Mzee hakunyamaza. Mwaka wa 1968 Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku tena, safari hii na serikali yetu wenyewe, na mzee akashtakiwa kwa kuchochea chuki za kidini. Katiba tuliyopata wakati wa uhuru ilikuwa na kifungu cha kulinda dhamiri na ibada ya kila mtu. Kifungu kilikuwepo, na jela ilikuwepo.

Ndiyo maana siku ya Mashujaa inapofika na majina yanasomwa, wengine humeza mate wakifika kwake. Mkoloni kumfunga ni rahisi kueleza. Lakini chini ya serikali ya Mzee Kenyatta aliingia na kutoka gerezani mpaka nywele zikawa nyeupe, hadi alipoachiliwa mwaka wa 1978 Rais Moi alipochukua madaraka. Hapo hakuna Mwingereza wa kumlaumu.

Sisi si wa kwanza wala wa mwisho katika mambo haya. Mwalimu wetu wa historia alitutajia Watibeti, ambao kiongozi wao wa dini, Dalai Lama, alikimbilia India mwaka wa 1959, na mpaka leo kwao mtu anaweza kuingia taabani kwa kuwa na picha yake nyumbani. Nao pia wana milima wanayoiheshimu kuliko majumba. Nilipomsikia mwalimu, nilimwona Masinde moja kwa moja.

Kuhusu miujiza yake sitaandika mengi. Ukikaa na wazee wanaotoka Kimilili, hapa hapa Kaloleni au Bahati, utaambiwa pingu zilimfunguka zenyewe, na kwamba alitabiri nani atatawala na lini. Kila mzee ana yake, na hazilingani. Mimi nimeziacha, ingawa nakiri kwamba zinapendeza kusikilizwa jioni umeme ukipotea.

Tangu 2010 katiba yetu mpya inasema, katika kifungu cha 32, kwamba kila mtu ana uhuru wa dhamiri, dini, mawazo, imani na maoni, na kwamba anaweza kuabudu peke yake au pamoja na wengine, hadharani au faraghani. Nimekinakili kifungu hicho nyuma ya daftari langu la Kiswahili. Wafuasi wa Msambwa wangalipo, si wengi, huko Bungoma na Trans Nzoia.

Elijah Masinde alifariki mwaka wa 1987, akiwa na umri wa miaka sabini na kitu, akazikwa kwao Kimilili, mlima ukiwa unaonekana. Jumamosi iliyopita nilipita Mathari nikiwa kwenye matatu. Kondakta, kwa mzaha wao wa kila siku, akauliza kama kuna anayeshukia nyumbani. Watu wakacheka. Mimi nilitazama lile geti mpaka tukalipita.